Gitaa la Mjomba Kwenye Mvuke wa Dobi

Mtaani kwetu kulikuwa na dobi ambaye suruali zake zilikuwa zinaogopwa. Akikunyooshea suruali, mstari wa mbele unasimama wima hivi kwamba anayepishana nawe anajihadhari asikatwe. Ndiyo maana tukamwita Mkunjo, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwa mkewe na kwa serikali.

Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye vidole vilivyochujuka kwa sabuni, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona kitu kimepinda au kimelegea akakiacha. Picha ikining'inia upande ukutani kwako, anainuka katikati ya mazungumzo anaiweka sawa. Ukimsalimia huku ukosi wako umegeuka, anakuitikia salamu na mkono wake tayari uko shingoni mwako. Mkewe, fundi cherehani mwenye maneno yake, alipenda kutuambia kwamba siku ya harusi yao bwana harusi alilitazama pindo la gauni kwanza, akaridhika, ndipo akapandisha macho kumtazama aliyelivaa.

Kibanda chake cha kazi kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha dogo, meza ndefu ya kupigia pasi, pipa la maji yanayochemka tangu asubuhi, kamba za kutundikia nguo, na mvuke. Mvuke ndio uliokuwa mwenye nyumba mle ndani. Wengine wote walikuwa wapangaji. Ukiingia na miwani, unatoka unapapasa.

Mkunjo alilelewa na mjomba wake. Mama yake alifariki angali mdogo, na kaka wa mama, aliyekuwa mpiga gitaa wa bendi za dansi, akamchukua akaishi naye katika chumba chenye kitanda kimoja, jiko moja na gitaa moja. Mtoto aliruhusiwa kugusa kitanda na jiko. Gitaa aliliona kwa macho tu. Alilala nalo likilia taratibu pembeni mwa kichwa chake, akakua akilipenda na kuliogopa kama watu wanavyompenda na kumwogopa bibi mkali.

Basi asubuhi moja mjomba akatokea mlangoni pa kibanda, kofia kichwani, fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili kasha kuukuu la gitaa lililofungwa kwa mkanda wa suruali.

"Mpwa wangu."

"Naam, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Binti yangu ananiita nikakae kwake. Anasema magoti haya yanahitaji madaktari wa huko. Lakini kule milimani kwao ni baridi, mtu analala na sweta. Gitaa hili halitavumilia. Nakuachia wewe."

Mkunjo alifuta mikono kwenye aproni, akaitazama, akaifuta tena. "Mimi, mjomba?"

"Kuna mwingine humu ndani? Sikiliza. Gitaa ni mti, na mti hata ukichongwa haujui kama umekatwa. Ukipata maji unakunywa, unafura. Ukikosa maji unasinyaa, unapasuka. Kwa hiyo lisikae penye joto. Lisikae penye baridi. Lisikae penye unyevu. Lisikae penye ukavu."

"Sasa likae wapi, mjomba?"

Mzee alifikiri. "Likae pazuri," akasema, akaenda zake kituo cha basi.

Nyumbani kwa Mkunjo kulikuwa na vyumba viwili. Cha kwanza kilikuwa chake na mkewe, na cherehani, na vitambaa vya wateja wa mkewe vilivyorundikwa hadi dirishani. Cha pili kilikuwa cha mama mkwe, aliyekuja kutibiwa jicho kwa wiki moja. Jicho lilipona zamani, ila wiki ilikuwa bado haijaisha, na ulikuwa unaingia mwaka wa nne. Kwa hiyo Mkunjo aliamua gitaa likae kazini. Hizo ndizo sababu alizompa mkewe. Sababu nyingine, ambayo hakumpa mtu, ni kwamba alitaka wateja walione.

Akalitoa kwenye kasha lipate hewa. Akalifuta vumbi. Akalitundika kwenye kamba, katikati ya koti la mwalimu mkuu na gauni la mtu aliyekuwa karibu kuolewa, juu kidogo ya pipa la maji ya moto, mahali ambapo kila anayeingia lazima alione.

"Dobi, kumbe unapiga gitaa?" watu wakamuuliza.

"Natunza," alijibu, kwa sauti ya mlinzi wa benki.

Siku moja akajaribu kugusa uzi mmoja kwa ncha ya kidole. Sauti iliyotoka haikuwa ile aliyoikumbuka utotoni. Ilikuwa nzito, imelala. Mkunjo alikumbuka kuwa mjomba alikuwa na kawaida ya kuzungusha vile visikio vilivyo kichwani mwa gitaa, basi naye akazungusha. Uzi ukakazika, sauti ikapanda. Alifurahi kama mtu aliyewasha gari kwa mara ya kwanza. Kesho yake nyuzi zilikuwa zimelala tena, akazikaza tena. Na kwa kuwa alikuwa mtu asiyeweza kuona kitu kimelegea akakiacha, ikawa ndiyo kazi yake ya kwanza kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto.

Taratibu akaona tumbo la gitaa linajaa.

"Linanawiri," alimwambia mkewe. "Kwa mjomba lilikuwa limekonda. Sasa lina afya."

Nyuzi nazo zikainuka mbali na shingo, hadi mtu akaweza kupitisha kidole chini yake. Mtu mwingine angeshtuka. Mkunjo alichukua kitambaa, akakipitisha chini ya nyuzi, akasugua huku na huku, akashukuru kwamba usafi umekuwa rahisi.

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikuwa mama wa heshima zake, mnene, mwenye sauti inayofika uwanjani bila kipaza sauti. Alikuja kuchukua koti lake wakati wa adhuhuri. Nyuzi zilikuwa zimelala tena tangu asubuhi, na Mkunjo alikuwa amelipakata gitaa.

"Keti kidogo, mwalimu. Nalikaza hili mara moja tu."

Akazungusha. Gitaa likatoa mlio mdogo, kama mlango wa kabati. Mkunjo akasita, kisha akaona uzi mmoja bado hauko sawa na wenzake. Akaongeza.

Mlipuko wake ulisikika mtaa mzima. Kile kibao kilichobandikwa tumboni kushikilia mizizi ya nyuzi kiling'oka chote kwa pamoja, kikaruka, kikagonga pipa, na nyuzi zikachapa hewani kama viboko. Kinyozi wa jirani alikuwa katikati ya kichwa cha mteja; mteja alitimua mbio na nusu ya nywele, na hadi leo hajaja kumalizia. Sisi wengine tulijitupa chini tulipokuwa. Ndani ya kibanda, mvuke ulipotulia kidogo, mwalimu mkuu alikuwa hayuko kwenye kiti. Alikuwa chini ya meza ya pasi, mkoba wake juu ya kichwa.

"Dobi!" sauti ikatoka chini ya meza. "Nani amekupiga risasi?"

"Hapana, mwalimu," Mkunjo akajibu, machozi yakimlengalenga. "Ni mjomba."

"Mjomba wako amekupiga risasi?"

Mkewe alifika akihema, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alimkuta mumewe amepiga magoti, gitaa kifuani, nyuzi zimening'inia kama utumbo.

"Umeumia?"

"Si mimi," akasema Mkunjo, akalia kweli.

Ilibidi mkewe afanye kazi mbili: kumvuta mwalimu mkuu kutoka chini ya meza, jambo lililohitaji majirani, kisha kumshika mumewe mkono kumpeleka kwa fundi.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke, seremala wa vitanda na makabati, penseli nyuma ya sikio, maneno machache. Baba yake alikuwa akichonga magitaa, naye alirithi vifaa na ile hali ya kutovumilia upuuzi. Alilipokea gitaa, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akalisikiliza, akalinusa.

"Linanuka sabuni."

"Ni usafi, fundi."

"Uliliweka wapi?"

"Kazini kwangu."

"Kazi gani?"

"Dobi."

Fundi alivua miwani, akaiweka mezani. "Kwa hiyo umelipika."

Fundi akamvuta karibu, akamwonyesha. Mbao ilikuwa imekunywa mvuke ikafura. Gundi nayo ilikuwa imelainika. "Na nyuzi hizi," akasema, "zikikazwa, ni kama mtu mzima mnene amekaa juu ya hiki kibao mchana na usiku, hainuki hata kwenda msalani. Mbao kavu inamvumilia. Mbao iliyolowa inafika mahali inasema basi. Na wewe kila asubuhi ulikuwa unamwongezea huyo mtu sahani nyingine."

"Nilikuwa nataka nilianike juani, fundi, likauke."

"Ukilianika juani utaniletea kuni."

Gitaa likalazwa kwa fundi, likauke polepole kivulini kabla halijabandikwa. Mkunjo akawa anakwenda kulitazama kila jioni, kama watu wanavyokwenda hospitali. Anavua kofia mlangoni, anasimama pembeni ya meza, anauliza kwa sauti ya chini, "Limeamkaje?" Fundi alimvumilia siku za mwanzo. Baadaye akawa anamjibu, "Limekula vizuri," bila kuinua kichwa kwenye randa.

Siku ya kuliruhusu, fundi alimpa kisaa kidogo cha kupimia unyevu, chenye mshale mmoja. "Mshale ukae hapa katikati. Ukipanda huku, hewa ina maji mengi: weka mchele mkavu kwenye kitambaa, ndani ya kasha, utanyonya. Ukishuka huku, hewa ni kavu: chukua kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, weka sponji yenye unyevu kidogo, ukiweke humo humo. Kama hakuna anayelipiga, legeza nyuzi kiasi, lipumzike. Lisikae karibu na jiko, wala dirisha, wala bati. Na lisikanyage tena kwa dobi."

Mkunjo alirudi nyumbani na gitaa mkono mmoja, kisaa mkono wa pili, akaanza kupima chumba chake kipande kwa kipande. Sakafuni chini ya kitanda, saruji ilikuwa inatoa unyevu. Juu ya kabati, bati lilikuwa linachoma. Ukuta wa nje ulikuwa unatoka jasho. Mkewe alikuwa anashona, akimtazama kwa jicho moja. Baada ya kuzunguka sana, mshale ulisimama katikati mahali pamoja tu.

"Wapi?" mkewe akauliza.

"Kitandani," akasema Mkunjo. "Hapa katikati yetu."

Mkewe alisimamisha cherehani. "Mume wangu, mimi niliolewa na mtu mmoja."

Hata hivyo alikuwa mwanamke mwenye moyo. Alimwacha ahangaike kwanza, kisha akatoa blanketi zito na mabaki ya vitambaa, akalishonea kasha la gitaa koti kubwa lenye tabaka mbili na vifungo mbele, akaamuru litundikwe kwenye ukuta wa katikati, kati ya vyumba viwili, ambao haukupigwa jua wala mvua. Mshale ukatulia. Mkunjo alifunga vifungo vile kimoja kimoja, akaunyoosha ukosi wa koti.

Hapo ndipo sheria zilipoanza. Maji yachemshwe uani. Mwavuli uliolowa usivuke kizingiti. Mama mkwe, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akianika shali zake chumbani kwake, aliombwa azianike nje.

"Binti yangu," mama mkwe alimwita mwanawe kwa sauti ya kusikika kotekote, "mumeo sasa ananikataza hata kupumua?"

"Hapana, mama," Mkunjo akajibu haraka, mikono nyuma, kichwa kimeinama, kwa maana alimheshimu mno. "Pumua tu, mama yangu. Ila, samahani sana, kama ingewezekana, ukipumua uelekee dirishani."

Mama mkwe hakuzungumza naye hadi majira ya mvua.

Mvua zilipofika, mshale ulipanda, na Mkunjo akakumbuka mchele. Alikuwa na soksi nyeupe nyingi ambazo wateja walizisahau kibandani. Alizifua tena, akazikausha kwa pasi, akazijaza mchele mzuri, akazifunga shingoni kwa uzi, akazipanga ndani ya kasha pembeni ya gitaa. Zilipendeza kama watoto wachanga waliolala.

Jioni moja akarudi akakuta wageni wawili, wanawake wa rika la mama mkwe, wamekaa mkekani na sinia la wali katikati. Walikuwa wanausifu. Mkunjo aliwasalimu kwa adabu, akapita kwenda kupima unyevu. Njiani, kwenye kamba ya uani, akaona soksi zake zimeanikwa, tupu, zimefuliwa safi.

Alirudi. "Mama, samahani. Huu mchele..."

"Mkwe wangu, kaa ule," akasema mama mkwe kwa upole ambao hakuwa ameuonyesha siku nyingi. "Nilikuwa nafuta vumbi kwenye kile kitu chako, nikaukuta. Nikasema, maskini, baba wa watu anaficha chakula, ana shida hataki kusema. Sikutaka kukuaibisha. Nikaupika kimyakimya."

Mgeni mmoja alikuwa amefikisha tonge mdomoni. "Aliuficha wapi?"

"Kwenye soksi," akasema mama mkwe.

Tonge likasimama hewani.

"Safi, mama," Mkunjo akawahi. "Nilizifua mwenyewe."

"Soksi za nani?" akauliza mgeni wa pili.

Mkunjo hakujua kudanganya. "Wenyewe hawajulikani," akasema.

Wageni wale waliaga wakiwa wamekumbuka mambo ya haraka nyumbani kwao. Mkewe Mkunjo alikuwa chumbani, uso ndani ya mto, akicheka hadi mabega yanatikisika.

Sasa, mtu aliyeungua kwa uji hupuliza hata maji. Mkunjo alikuwa ameogopa unyevu kiasi kwamba hakuogopa kitu kingine. Mvua zikaisha, upepo mkavu ukaanza, vumbi likaingia hadi kwenye sukari, midomo ya watu ikachanika. Yeye bado alikuwa anajaza mchele kwenye soksi, safari hii akizishona kabisa na kuandika "SI CHAKULA" juu yake. Mshale wa kisaa ulishuka, ukashuka, ukalala chini. Mkunjo aliutazama kwa fahari.

"Unyevu umekimbia nyumba hii," alituambia.

Asubuhi moja alifungua vifungo vya koti, akafungua kasha, akaona mstari mwembamba kama unywele, umeanzia chini ya tundu la gitaa ukashuka tumboni. Alidhani ni uzi wa cherehani. Akajaribu kuuokota. Haukuokoteka.

Alikuwa bado amekaa kitandani, mikono mapajani, simu ilipolia. Alikuwa mjomba.

"Mpwa wangu, magoti yamepata nafuu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja kulichukua gitaa langu."

"Ka... karibu sana, mjomba."

"Lakini siji kulipiga. Vidole vyangu vimevimba, havikandamizi tena. Baridi ya huku imevimaliza. Nataka nimpe mwenzangu mmoja wa bendi, mwanawe anajifunza. Heri lilie kwa mwingine kuliko likae kimya kwangu." Kisha mzee akapunguza sauti. "Lakini likoje? Linaendeleaje?"

"Lipo, mjomba," akasema Mkunjo. Hilo halikuwa uongo.

Baraza la nyumba lilikaa papo hapo. Mke alipendekeza wabandike ua la kitambaa juu ya ufa. Mama mkwe alisema, "Mpe chakula kwanza, habari baadaye. Mtu aliyeshiba hagombi kwa nguvu." Mkunjo hakusikia hata moja, alikuwa tayari yuko njiani kwa fundi.

Fundi alilitazama tumbo la gitaa, akamtazama Mkunjo. "Mara ya kwanza ulilizamisha. Sasa umelikausha. Wewe mtu, katikati huwa hupiti?"

Hata hivyo alimwambia dawa ipo: lirudishiwe unyevu kidogo kidogo, mbao ifumbe yenyewe, kisha alete agundishe na kuweka kiraka kwa ndani. Haraka haitakiwi. Mkunjo alirudi mbio na kisanduku cha sabuni, na mama mkwe, ambaye moyoni alikuwa bado anajilaumu kwa ule mchele, akasema naye atasaidia. Alizilowesha shali zake zote, akazianika chumbani kuzunguka kasha, akavuta kiti, akakaa pembeni.

"Leo napumua kwa ruhusa," akatangaza, akavuta pumzi ndefu.

Labda ni sponji, labda ni shali, labda ni mama mkwe. Mshale ukapanda hadi katikati, na ule ufa ukafumba hadi ukabaki alama tu. Fundi akagundisha, akaweka kiraka. "Kovu litabaki," akasema. "Mwenyewe ataliona. Usijaribu kumficha."

Jumamosi ile ikafika, mjomba akaja, kofia ile ile, amenenepa kidogo. Akakaribishwa, akaandaliwa chakula. Mpango ulikuwa ashibe kwanza. Lakini Mkunjo hakuweza kukaa mbele ya mjomba wake na kitu kilichopinda moyoni. Mzee alikuwa hajanawa hata mikono, mpwa akaanza: mvuke, kibao, mwalimu mkuu chini ya meza, mchele, ufa. Alisema yote bila kupumzika, kisha akatazama chini.

Mjomba alifungua vifungo vya koti. Akafungua kasha. Akapitisha kidole kwenye kovu, kuanzia juu hadi chini.

"Ulilipika."

"Ndiyo, mjomba."

"Halafu ukalikausha."

"Ndiyo, mjomba."

"Gitaa hili," akasema mzee taratibu, "limelala kwenye kumbi ambazo paa zake zilikuwa zinavuja. Limefungwa juu ya lori kwenye jua. Mpiga tarumbeta amelikalia. Halikupasuka. Wewe umelitunza, likapasuka." Akafunga kasha. "Laiti ungelisahau!"

Mke akageukia ukuta ili asionekane anacheka. Mkunjo hakuona cha kuchekesha, wala mjomba.

"Nipeleke kwa huyo fundi. Nataka nimwone aliyetia mkono wake humu."

Wakaenda wote watatu, mzee mbele na fimbo yake, Mkunjo na mkewe nyuma. Kwa fundi, mjomba aliomba kioo kidogo, akakiingiza kwenye tundu, akatafuta kosa. Alitafuta sana. Hakuliona, na hilo lilimuudhi zaidi. Basi akaketi kwenye benchi, akalipakata gitaa, akapiga.

Haikutoka sauti. Yaani ilitoka, ila ilikuwa ya kukwaruza, nusu ya nyuzi zimeziba. Akajaribu tena. Jasho likamtoka.

"Mmeliharibu," akasema. "Halilii."

Fundi alikuwa anatazama mkono wake wa kushoto, viungo vilivyovimba. "Gitaa linalia, mzee wangu," akasema, si kwa ukali. "Ni vidole."

Mkunjo angetamani wakati ule awe chini ya meza yoyote. Mjomba aliutazama mkono wake kana kwamba ameletewa wa mtu mwingine.

"Nipe hilo," fundi akasema. Akalichukua, akalegeza nyuzi zote, akazitoa. Zilikuwa nene, nyeusi, za enzi za kumbi zisizo na vipaza sauti. Akafungua droo, akatoa nyingine nyembamba zinazong'aa.

"Hizo ni nyuzi za wanaojifunza," mjomba akalalamika. "Mimi nimepiga nyuzi nene maisha yangu yote."

"Na tumbo hili limevutwa maisha yake yote. Nyuzi hizi zinavuta kidogo, nalo litapumzika. Wote wawili mmezeeka. Hakuna sababu ya kuvutana." Akauchomoa ule mfupa mdogo ambao nyuzi hupita juu yake, akausugua kwenye msasa, akaujaribu, akausugua tena, hadi nyuzi zikakaa chini kabisa, karibu na shingo. Akalisawazisha sauti, akamrudishia.

Mjomba aliweka vidole bila matumaini. Akakandamiza. Sauti ikatoka safi.

Akaiondoa mikono haraka, kama aliyeguswa na umeme. Kisha akairudisha. Alianza taratibu, noti moja moja, akitafuta njia, halafu ule mkono wa kulia ukakumbuka, na wimbo ukashika mwendo. Mkunjo aliutambua. Ulikuwa ule wa kumlazia, wa chumba kile chenye kitanda kimoja. Alitafuta leso hakuipata, akajifuta macho kwa shati la mteja alilokuwa amelibeba begani tangu asubuhi bila kujua.

"Nyuzi za watoto," mjomba akanung'unika, lakini hakuacha kupiga, na fundi akarudi kwenye randa yake akaisukuma kwa mwendo wa wimbo.

Yule mwenzake wa bendi hakupewa gitaa. Alipewa salamu. Mjomba hakurudi milimani. Alichukua chumba mtaa wa pili, lakini gitaa akaliacha pale pale kwenye ukuta wa katikati, ndani ya koti lake, kwa sababu alisema chumba chake kina unyevu na hamwamini mtu mwingine yeyote kukaa na kisaa. Mkunjo alisimama wima aliposikia hivyo. Alitembea hivyo hivyo wiki nzima.

Sasa kila Jumapili mchana mzee anakuja. Anamfundisha mpwa wake, baada ya miaka yote hiyo ya kutazama tu. Mkunjo anapiga kama anavyonyoosha shati: kila noti imenyooka, hakuna hata moja inayocheza. "Legeza bega!" mjomba anampigia kelele. "Ikunje kidogo! Muziki ni mkunjo!" Naye Mkunjo anajaribu kukunja, uso umemkaza kama anabeba gunia.

Wiki iliyopita mama mkwe naye alitoka chumbani kwake, akaketi, akaanza kuimba bila kuombwa. Ana sauti kubwa, ya juu, isiyongoja mtu.

Mjomba akasimamisha gitaa. "Mama, unaanza kabla ya gitaa."

"Gitaa ndilo linalochelewa, mzee wangu," mama mkwe akasema. "Mimi nimeanza kuimba kabla halijachongwa."

"Basi nipe nafasi niingie."

"Nafasi ipo. Wewe ndiye huioni."

Walibishana hadi chai ikapoa. Kisha mjomba akahesabu moja, mbili, tatu, na kabla hajafika nne mama mkwe alikuwa ameshafika kwenye kiitikio. Mke wa Mkunjo alikuwa anapiga makofi, Mkunjo alikuwa bado anatafuta pa kuweka kidole cha tatu, na sisi majirani tulikuwa tumejaa uani, kila mmoja akiwa amesimama upande wa mjomba au wa mama mkwe.